Jimbo lina mabilioni, mbona shule inapunguza walimu?

Swali: "Naishi Brooklyn Park, Minnesota. Nina watoto watatu: mmoja yuko darasa la pili, mmoja la tano, mmoja la tisa. Mwaka 2023 habari yote ilikuwa kwamba jimbo lina ziada ya dola bilioni 17.5. Sasa mwezi wa tano nimeletewa barua na wilaya ya shule: walimu wanapunguzwa, na mwalimu anayemsaidia mwanangu mdogo Kiingereza atagawanywa kati ya shule mbili. Hizo pesa zilienda wapi, na mbona shule hiyohiyo inajengewa uwanja mpya? Na mbona bado wananitumia fomu ya chakula wakati chakula ni bure? Katikati ya Desemba nakwenda Kisii na watoto kumwona mama, tutakaa wiki sita. Nikirudi nataka kwenda kwenye mkutano wa bodi ya shule. Niulize nini?"

Jibu:

Dada yangu, pole kwa barua hiyo. Nimefanya kazi ya hesabu za wilaya za shule hapa Minnesota kwa miaka mingi, na barua za namna hiyo nimeshiriki kuziandaa. Najua sentensi moja kama ile ya mwalimu kugawanywa inavyoweza kumkosesha mzazi usingizi. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu jibu fupi ninalosikia likitolewa, kwamba "hakuna pesa", si la kweli, na lile jingine, kwamba "zimeliwa", pia si la kweli.

Anza na jambo linalotuchanganya sisi tuliokulia Kenya. Nyumbani mwalimu ameajiriwa na TSC, tume ya taifa ya kuajiri walimu, na mshahara wake unatoka Nairobi. Shule nayo inapata mgao wa kila mwanafunzi, ule wa Sh22,244 kwa mwaka kwa mtoto wa sekondari ya kutwa, na huo ni wa kuendeshea shule. Watoto wakipungua, mgao unapungua, lakini mwalimu bado yuko kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Hapa sivyo. Mwalimu ni mwajiriwa wa wilaya ya shule, chombo chenye bodi yake iliyochaguliwa na kura na chenye mamlaka ya kutoza kodi, na mshahara wake umo ndani ya ule mgao wa mtoto. Mtoto akihama, anaondoka na kipande cha mshahara wa mwalimu wake.

Mgao huo una kiwango cha msingi kinachowekwa na Bunge la jimbo kule St. Paul. Mwaka wa masomo 2023-24 kilikuwa dola 7,138, mwaka uliofuata 7,281. Mtoto wa chekechea hadi darasa la sita anahesabiwa kuwa mmoja. Wa darasa la saba hadi la kumi na mbili anahesabiwa 1.2, kwa kuwa masomo ya sekondari yana gharama zaidi. Kwa hiyo wako watatu, kwenye daftari la mhasibu, ni 3.2. Zidisha kwa 7,281: walileta kama dola 23,299 mwaka 2024-25, kabla ya nyongeza nyingine zozote.

Sasa chukua shule ya msingi iliyopoteza watoto 20 kwa mwaka mmoja. Wengine wamehamia mji mwingine kufuata nyumba za bei nafuu, wengine wameingia shule za charter, yaani shule za umma zinazojiendesha kwa mkataba nje ya wilaya, wengine hawakuzaliwa kabisa, maana uzazi umepungua. Ishirini mara 7,281 ni dola 145,620. Hizo ni pesa za mwalimu mmoja na zaidi, ukiweka bima na pensheni. Lakini hao ishirini hawakutoka darasa moja. Wametoka watatu huku, wanne kule. Hakuna chumba kilichobaki kitupu, taa zinawaka zilezile, basi linapita njia ileile, na bado pesa za mwalimu zimetoweka. Mzazi akipita koridoni anaona madarasa yamejaa, anashangaa wanapunguza kwa nini. Ukitaka kuelewa barua yako kwa jambo moja tu, ni hilo.

Sasa zile bilioni 17.5.

Jimbo linapanga bajeti ya miaka miwili miwili, katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba na tena mwisho wa Februari, ofisi ya bajeti ya jimbo inatoa makadirio: kodi ya mapato itaingiza kiasi gani, kodi ya mauzo kiasi gani, na sheria zilizopo zitadai matumizi kiasi gani. Tofauti yake ndiyo vyombo vya habari huita ziada au nakisi. Bilioni 17.5 ya Februari 2023 ilikuwa makadirio ya namna hiyo, na sehemu kubwa yake ilikuwa pesa iliyorundikana kutoka miaka iliyotangulia, ya kupatikana mara moja. Ukipata malimbikizo ya mshahara ya miaka mitatu kwa mpigo unaweza kulipa deni au kununua gari. Huwezi kuhamia nyumba ya pango kubwa ukidhani mwakani yatakuja tena.

Zilitumika. Huenda wewe mwenyewe ulipata sehemu yake: mwaka huohuo jimbo lilituma hundi za dola 260 kwa mtu mmoja, 520 kwa wanandoa, na 260 kwa kila mtoto hadi watoto watatu, kwa familia zilizo chini ya kiwango fulani cha kipato. Familia ya baba, mama na watoto watatu ilipokea 1,300. Chakula cha asubuhi na mchana shuleni kikawa bure kwa kila mtoto, sheria iliyotiwa saini tarehe 17 Machi 2023 na Gavana Tim Walz. Na kiwango cha msingi cha shule kikapandishwa asilimia 4, kisha 2, na kuanzia hapo kinafuata mfumuko wa bei, kisishuke chini ya asilimia 2 wala kuzidi 3. Kwangu mimi hili la mwisho ndilo jambo bora lililofanywa mwaka ule. Kabla ya hapo kila nyongeza ilikuwa ya kuombwa, na kuna wakati ilikataliwa miaka mfululizo: dola 5,124 ilibaki 5,124 kwa miaka mitatu, kuanzia 2008-09 hadi 2010-11.

Lakini tazama walikotoka. Mwaka 2022 bei nchini Marekani zilipanda kwa wastani wa asilimia 8. Mgao wa 2022-23 ulipanda asilimia 2 tu, kutoka 6,728 hadi 6,863. Dizeli ya mabasi, bima ya afya ya wafanyakazi na mishahara havikungoja. Hivyo nyongeza ya 2023 kwa sehemu kubwa iliziba shimo lililokwisha kuchimbwa. Na kufikia Novemba 2024 makadirio yalikuwa yameshuka: ziada ya dola milioni 616 kwa miaka miwili, kisha nakisi ya bilioni 5.1 kwa miaka miwili inayofuata. Februari 2025 ilikuwa milioni 456 na nakisi ya karibu bilioni 6. Wabunge walioketi mwaka huo, Baraza la Wawakilishi likiwa limegawanyika 67 kwa 67, hawakuwa na mkono wa kutoa. Walimaliza kwa kikao maalumu cha siku moja, tarehe 9 Juni, na bajeti ndogo kuliko ile ya 2023.

Kuna mkondo mwingine uliokauka wakati huohuo: msaada wa serikali kuu wa wakati wa korona. Wilaya za shule nchi nzima zilipewa mabilioni kwa awamu tatu, na awamu ya mwisho ilibidi iwe imepangiwa matumizi kufikia tarehe 30 Septemba 2024. Wilaya nyingi ziliajiri kwa pesa hizo: wasaidizi wa darasa, walimu wa kusoma, washauri. Kazi yao ilikuwa na maana na watoto walifaidika. Pesa zikaisha, watu wakabaki kwenye orodha. Nilikaa kwenye vikao ambamo tulijua siku hiyo inakuja na bado tukaajiri, kwa kuwa mtoto asiyejua kusoma leo hawezi kuambiwa angoje hadi hesabu zikae sawa. Bado naamini uamuzi ule ulikuwa wa haki. Ila wazazi tulipaswa kuwaambia mapema zaidi.

Kuhusu mwalimu wa Kiingereza. Jimbo linatoa pesa kwa kila mtoto anayejifunza Kiingereza: kwa miaka mingi zilikuwa dola 704, na sheria ya 2023 ikapandisha hadi 1,228. Ni nafuu kubwa, lakini haitoshi kugharimia huduma inayotakiwa, na mtoto anagharimiwa kwa miaka saba tu hata kama bado anahitaji. Upungufu unatolewa kwenye mgao wa kawaida wa watoto wote. Hali ni hiyohiyo, tena kwa kiasi kikubwa zaidi, kwa elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu. Sheria ya nchi ya mwaka 1975 ilisema serikali kuu itachangia hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja, na haijawahi kuzifika. Wilaya haina ruhusa ya kumnyima mtoto huyo huduma, wala haipaswi, kwa hiyo inachota kwingine. Sheria ya 2023 ililifanya jimbo lianze kulipa asilimia 44 ya pengo hilo mwaka 2023-24. Inayobaki inatoka humohumo mwenye mwalimu wa mwanao. Nakuomba sana, ukisikia mzazi mwenzio akilaumu watoto wenye ulemavu kwa kupunguzwa walimu, mwambie ukweli: waliokosa kulipa deni ni waliotunga sheria.

Umegusia kwamba shule hiyohiyo inajengewa uwanja mpya, na hilo limekukera. Pesa za ujenzi na pesa za mishahara ni mifuko miwili tofauti. Ya ujenzi mara nyingi ni mkopo ambao wapiga kura wa wilaya waliukubali kwenye sanduku la kura kwa kazi maalumu, na sheria hairuhusu uhamishwe ukalipe mwalimu. Matrekta yakiwa nje na walimu wakifungasha ndani, si lazima kuwe na wizi.

Na akiba je? Wilaya nyingi zina akiba, na mzazi akiiona kwenye taarifa huuliza mbona haitumiki. Itumike, ndiyo, ila usisahau mwaka 2011. Jimbo lilishindwa kukubaliana bajeti, serikali ikafungwa kwa siku 20 mwezi Julai, na sehemu ya suluhu iliyopatikana ilikuwa kuchelewesha pesa za shule: kawaida asilimia 90 hulipwa ndani ya mwaka na 10 baadaye, wakati huo zilikuwa zimeshashushwa hadi 70 na 30, nao wakalipa 60 na kuchelewesha 40. Wilaya zisizo na akiba zililazimika kukopa ili kulipa mishahara, na riba ikalipwa na watoto. Akiba ya kutosha miezi miwili si ulafi. Ikizidi sana hapo, uliza.

Nikutajie jambo ambalo Waswahili wa Brooklyn Park tunaliishi bila kuliona kwenye hesabu. Sehemu kubwa mbili za bajeti ya jimbo ni shule na huduma za afya na ustawi. Hii ya pili inakua haraka kuliko kodi zinavyokua, hasa kwa sababu ya malezi ya wazee na watu wenye ulemavu. Nani wanafanya kazi hiyo? Ni sisi. Kaka zetu na dada zetu wanaokesha kwenye zile nyumba za malezi za watu wanne wanne, wanaopeana zamu za usiku, wanalipwa kwa viwango vinavyotokana na bajeti hiyohiyo. Wabunge wanapobana viwango, anabanwa mama. Wanapobana mgao wa shule, anabanwa mwanawe. Mwaka 2025 waligusa pande zote mbili. Na ili kufunga mazungumzo yale, waliondoa MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo, kwa watu wazima wasio na karatasi, bima iliyokuwa imeanza Januari ya mwaka huohuo. Ilikoma mwisho wa 2025, wakabakizwa watoto. Mtu aliyeanza matibabu ya sukari mwezi wa kwanza aliambiwa yanaishia mwezi wa kumi na mbili. Bajeti ya jimbo ikifika usiku wa mwisho, ndivyo inavyopatanishwa, na asiye na kura huwa wa kwanza kuwekwa mezani.

Sasa fomu. Jina lake ni fomu ya kuomba manufaa ya elimu, ingawa wote tunaiita ya chakula. Ni kweli mwanao atakula hata usipoijaza. Lakini kuna fungu la pesa za ziada linalopelekwa kwenye shule zenye watoto wa familia za kipato kidogo, na sehemu kubwa yake inapaswa kutumika kwenye jengo lenye watoto hao. Kwa miaka mingi watoto hao walihesabiwa kwa fomu hizi. Siku hizi jimbo linawahesabu moja kwa moja wale ambao familia zao ziko kwenye msaada wa chakula au bima ya afya ya serikali. Familia nyingi zetu hazimo huko. Wengine wana kipato kilichopita kidogo tu, wengine waliogopa kuomba. Hao fomu ndiyo sauti yao. Chakula kilipokuwa bure, wazazi wengi wakaacha kujaza, kwa nia njema kabisa, na shule zenye wenye shida zikaonekana kwenye karatasi kama hazina shida.

Ninajua kinachowatia watu wetu hofu kwenye karatasi ile. Inaomba tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii ya mtu mzima anayetia saini. Kama huna namba, pana kisanduku cha kutia alama kwamba huna, na fomu inabaki halali. Haiulizi uraia wala hali yako ya uhamiaji. Unaandika majina ya wote wanaoishi kwa kipato kimoja, pamoja na bibi kama mnaishi naye, na kipato kabla ya makato. Dakika kumi. Ijaze kabla ya mwisho wa Septemba, kwa kuwa hesabu ya watoto inafanyika tarehe 1 Oktoba. Mara nyingi itakupunguzia pia ada ya michezo ya huyo wa darasa la tisa.

Mkutano wa bodi. Usiende mwezi wa tano baada ya barua. Wakati huo mambo yameshapikwa. Bodi inatakiwa kupitisha bajeti kabla ya tarehe 1 Julai, na uamuzi wa nani anabaki huundwa Januari hadi Machi, wakati wanakadiria idadi ya watoto wa mwakani. Kwa hiyo kurudi kwako mwisho wa Januari ni wakati mzuri. Uliza maswali matatu, kwa utulivu, na uombe majibu kwa maandishi. La kwanza: mmekadiria watoto wangapi kwa shule yangu mwaka ujao, na mwaka huu makadirio yenu yalikosea kwa wangapi? La pili: fungu la watoto wa kipato kidogo lililopewa shule hii ni kiasi gani, na limelipa kazi za nani kwa majina ya kazi? La tatu: mwalimu wa Kiingereza atakuwa na watoto wangapi kwenye shule zile mbili, na mwanangu atamwona dakika ngapi kwa wiki? Hili la mwisho ndilo watakalohangaika kulijibu. Ushikilie hapohapo.

Novemba nako kuna kura za tozo ya shule, ambapo wakazi hukubali au kukataa kuongeza kodi ya majengo kwa ajili ya mishahara na masomo. Kama umeshakuwa raia, kura yako inahesabiwa sawa na ya mwenye nyumba ya ziwani. Nawe mpangaji unalipa kodi hiyo tayari, ndani ya pango lako.

Kuna moja umelitaja kwa kupita, na kwangu ndilo la haraka kuliko yote: safari ya Kisii. Minnesota, mtoto asipofika shuleni siku 15 za masomo mfululizo anaondolewa kwenye orodha na kuhesabiwa kuwa ameacha. Wiki sita ni siku 30 za kazi. Toa likizo ya Krismasi na mwaka mpya, bado zinabaki karibu 20. Maana yake wote watatu wataondolewa kwenye orodha, na kila siku ambayo hawamo haihesabiwi kwenye mgao wa shule yao, shule ileile iliyokuandikia kwamba haina pesa. Kwa jamii yetu, ambayo husafiri nyumbani Desemba na kurudi Februari, hizo si siku chache ukizijumlisha.

Mama ni mama, nenda ukamwone. Ukiweza kubana safari ziwe wiki nne, hutafika siku 15. Usipoweza, nenda ofisini kwa shule mwanzoni mwa Desemba, waambie tarehe ya kwenda na ya kurudi, uulize kama kuna masomo ya mtandaoni ya wilaya ambayo watoto wanaweza kusajiliwa kwa muda huo, na uombe karatasi za kuwasajili upya uzijaze kabisa kabla hujapanda ndege. Asubuhi ya kwanza mkirudi, wapeleke mwenyewe hadi ofisini, usiwaache wapande basi tu, kwa maana majina yao yatakuwa hayamo.